Chetambe Katika Vitabu vya Wengine

Kuna watu wazima, wengi wao Uingereza na Marekani, ambao jioni zao za mapumziko huzitumia kupigana upya vita vya zamani juu ya meza. Meza hutandikwa kitambaa cha rangi ya nyasi, vilima huchongwa kwa povu, mito hupakwa samawati, na askari wa madini wenye kimo cha sentimita tatu hivi hupangwa kikosi kwa kikosi. Dadu huamua nani ameanguka, rula huamua nani amesogea umbali gani. Mchezo huu una ukoo mrefu. Maafisa wa Prussia waliutumia kufundishia vijana wao tangu mwanzoni mwa karne ya 19, na mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells aliutungia kitabu cha kanuni, Little Wars, mwaka mmoja kabla ya Ulaya kuingia katika vita vya kweli vilivyomaliza kizazi kizima cha vijana.

Mchezo huo una tawi linalotuhusu sisi tuishio kati ya Mlima Elgon na mto Nzoia. Ni tawi la vita vya ukoloni: Wazulu na Waingereza, Mahdi wa Sudan na Jenerali Gordon, Wahehe na Wajerumani, Wamaasai, Wanandi, misafara ya pwani iliyopanda bara kutafuta pembe na watumwa. Kampuni ya Foundry ya Uingereza ilitoa vinyago vingi vya Afrika ya karne ya 19, vilivyochongwa na Mark Copplestone, wakiwamo wapagazi wenye mizigo vichwani. Vinyago vya aina hii kwa kawaida huuzwa vikiwa havina rangi. Anayenunua hupaka mwenyewe, na hapo ndipo vitabu vinapoingia. Mtu anayetaka kupaka ngao ya Mnandi lazima ajue ilipakwa rangi gani. Anayetaka kumvika askari Msudani wa Uganda lazima ajue kanzu yake ilikuwa na rangi gani na bunduki yake ilikuwa ya aina gani. Mchezaji wa namna hii ni msomaji mwenye njaa, na wachapishaji wamejua kumlisha.

Mwaka 2003 Foundry ilichapisha kitabu cha Chris Peers kuhusu majeshi ya Afrika Mashariki kati ya 1800 na 1900, yaani Uganda, Kenya, Tanzania na Zanzibar ndani ya jalada moja. Mwaka 2005 kampuni ya Osprey ikatoa kitabu kingine cha mwandishi huyo huyo, Warrior Peoples of East Africa 1840–1900, chembamba, kikiwa na michoro ya rangi ya Raffaele Ruggeri. Pembeni mwao wapo wanaofufua vitabu vilivyokwisha sokoni. Naval & Military Press imerudisha historia ya King's African Rifles iliyoandikwa na H. Moyse-Bartlett na kutoka mara ya kwanza mwaka 1956. Kumbukumbu za ofisa wa kikoloni C. W. Hobley za mwaka 1929 zilichapishwa upya na Frank Cass mwaka 1970. Small Wars cha C. E. Callwell, mwongozo wa afisa wa Kiingereza anayekwenda kupigana na watu wasio na jeshi la kudumu, kilitoka mwaka 1896 na mpaka leo kinapatikana. Hata shajara ya ofisa Mwingereza Richard Meinertzhagen, aliyemuua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, ilitoka mwaka 1957 na kurudishwa tena mwaka 1983.

Nimevisoma baadhi yake hapa Kitale, vingine kwa karatasi, vingine kwenye kioo cha simu. Nasema mapema kwamba ni vitabu vilivyofanyiwa kazi. Mwandishi anayewaandikia wapaka rangi hawezi kukwepa kwa maneno ya jumla. Historia ya shuleni inaweza kusema kuwa wenyeji walipigana kwa silaha duni na ikaishia hapo. Mwandishi huyu lazima aseme mkuki ulikuwa na bapa refu au fupi, ngao ilikuwa ya ngozi ya nyati au ya nini, wapiganaji walisimama mstari mmoja au walijificha nyasini. Kwa hiyo anarudi kwa wasafiri wa kwanza, kwa Joseph Thomson aliyefika Elgon mwishoni mwa mwaka 1883, kwa ripoti za maafisa, kwa picha za zamani, na anatoa humo mambo ambayo wajukuu wa wapiganaji wenyewe hawana tena. Anayevidharau vitabu hivi kwa sababu vimeandikwa kwa ajili ya mchezo anakosea. Mchezo wenyewe sioni haja ya kuulaumu. Sisi tunacheza bao, tunateka kete za mwenzetu tangu asubuhi mpaka jua lizame, na hakuna aliyesema tunasherehekea utekaji. Ila kete hazina kabila. Kinyago kina kabila, na kabila hilo lina wajukuu wanaopanda mahindi Kimilili.

Sasa niseme yaliyotokea Chetambe, maana bila hayo yote haya ni maneno ya mezani.

Miaka ya 1890 sehemu zetu hizi zilihesabiwa kuwa Uganda, na zilibaki hivyo mpaka mwaka 1902. Kituo cha serikali kilikuwa kwa Mumia, mfalme wa Wawanga, mahali ambapo misafara ya kwenda Uganda ilipumzika na kununua chakula. Bunduki zilipita na misafara hiyo, na baadhi ziliishia mikononi mwa Wabukusu. Mwaka 1894 ofisa aliyekuwa kwa Mumia, Frederick Spire, alituma kikosi kidogo cha askari Wasudani kwenda kuzidai. Kikosi kile kilimalizwa karibu chote. Mwaka uliofuata Hobley alikuja na adhabu: askari Wasudani, Waganda, Wawanga, Wamaasai, na bunduki ya rashasha. Ngome ya Lumboka ilianguka kwanza. Waliosalimika wakakimbilia Chetambe, juu ya kilima kilicho kando ya mji unaoitwa leo Webuye, ambako palikuwa na ukuta wa udongo na handaki refu lililozunguka. Ngome hiyo ina jina la Chetambe wa Ifile, Mtachoni, na ilikuwa imejengwa kuzuia maadui wa kawaida, wavamizi wenye mikuki. Mbele ya bunduki hiyo ukuta haukutosha. Ng'ombe walichukuliwa, na wanawake na watoto wakatekwa.

Katika maandishi ya Hobley watu hawa wanaitwa Ketosh. Kijana wa Bungoma anayefungua faharasa ya kitabu cha zamani akatafuta Bukusu anaweza kufunga kitabu akiamini babu zake hawamo, kumbe wamo, wamepewa jina ambalo jirani zao walikuwa wakiwaitia. Nalitaja hili ili msomaji ajue namna ya kutafuta.

Wasudani wale wamenishughulisha fikra zaidi kuliko Hobley mwenyewe. Wapenzi wa michezo ya vita wanaipenda Sudan ya Mahdi kuliko karibu kila sehemu nyingine ya Afrika. Mwaka 2010 kampuni ya vinyago ya Perry ilichapisha kitabu kinene cha Mike Snook kuhusu vita vile vya 1881 mpaka 1885, na ukiuliza wapenzi hao watakuhesabia vikosi vya Hicks, vya Gordon, vya jeshi la kumwokoa Gordon lililochelewa, kisha wataruka mpaka Omdurman, Septemba 1898. Khartoum, alikokuwa Gordon, ilianguka tarehe 26 Januari 1885. Kusini yake, katika jimbo la Equatoria, gavana Emin Pasha alibaki amekatwa na dunia pamoja na askari wake weusi, wengi wao watu waliokamatwa wakiwa wadogo na kulelewa ndani ya jeshi la Misri. Msafiri Stanley alikuja kumtoa Emin, akaondoka naye mwaka 1889, na askari wengi wakaachwa nyuma chini ya Selim Bey, karibu na Ziwa Albert. Mwaka 1891 ofisa Mwingereza Lugard aliwakuta huko Kavalli, akawachukua, akawaleta Uganda kuwa jeshi la kampuni ya Waingereza aliyoitumikia. Na hao, baada ya miaka minne, ndio waliokuwa mbele ya ukuta wa Chetambe.

Kwa hiyo kile kinachoitwa vita vya Mahdi katika vitabu vile kina sura ya mwisho iliyofanyikia Bungoma. Sijakiona kitabu cha wachezaji kinachokifuata kisa kwa mpangilio huo, kwa kuwa vitabu hivi hugawanya Afrika kwa kampeni: hii ya Sudan, hii ya Uganda, hii ya Nandi, kila moja na jalada lake na seti yake ya vinyago. Watu hawakuishi kwa kampeni. Msudani aliyefika Chetambe alikuwa ameshanyang'anywa kwao mara moja, akaachwa na mabwana wake mara ya pili, akaajiriwa na mabwana wapya mara ya tatu, na mwaka 1897 wenzake wa Uganda waliasi kwa sababu walitembezwa bila kupumzishwa na kulipwa kidogo. Mwaka 1902 mabaki ya jeshi hilo yaliunganishwa na mengine kuwa King's African Rifles. Wajukuu wao tunawaita Wanubi, wako Kibera, wako Eldama Ravine, wako Kibos, na hati ya ardhi ya Kibera waliipata mwaka 2017. Nikimfikiria Mbukusu aliye ndani ya ukuta na Msudani aliye nje yake, naona watu wawili ambao hakuna hata mmoja aliyeanzisha ugomvi ule. Kitabu cha mchezo kinaweza kuniambia kanzu ya yule wa nje ilikuwa ya rangi gani. Kwamba angetaka kuwa mahali pengine, hilo halimsaidii mpaka rangi, kwa hiyo halimo.

Na hapa ndipo fikra yangu inapokaa. Kila kitabu huona kile ambacho msomaji wake anahitaji kuona. Afisa alihitaji ripoti ya kumridhisha mkubwa wake, akaandika idadi ya ng'ombe na gharama ya risasi. Callwell alihitaji kuwafundisha maafisa wenzake, akaandika wazi kwamba adui asiyekuwa na mji mkuu wala jeshi la kupigwa hushindwa kwa kuchukuliwa mifugo na kuchomewa vijiji. Alichapisha hayo mwaka mmoja baada ya Chetambe, na asomaye mwongozo wake akiwa Webuye anaielewa safari ya Hobley kuliko alivyowahi kuielewa. Mchezaji anahitaji mchezo uliosawazika, pande mbili zenye nafasi ya kushinda, kwa hiyo mwandishi wake hutafuta ujasiri wa wenyeji, mbinu zao, ujanja wao wa kuvizia, mambo ambayo afisa aliyaficha au aliyadharau. Kwa hilo namshukuru mchezaji. Mahitaji yake yamewatoa babu zetu katika kundi la washenzi wanaokimbia na kuwafanya wapiganaji wenye akili. Lakini mahitaji hayo hayo yanaishia pale dadu zinapokusanywa. Aliyetekwa baada ya ukuta kuanguka hana kazi mezani. Mama aliyetafuta mwanawe hana kinyago. Njaa ya msimu uliofuata, wakati mbegu zimeungua na ng'ombe hawapo, haina kanuni yake.

Kuchapisha upya kunakuza uchaguzi huo. Kitabu kinapotoka mara ya kwanza kinabishana na vitabu vya wakati wake na watu walioyaona mambo. Kikirudi baada ya miaka hamsini au mia, wapinzani wake wameshakufa, na kinasimama peke yake kama shahidi pekee. Shajara ya Meinertzhagen ndiyo mfano unaoniumiza. Tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel, Orkoiyot (kiongozi mkuu) wa Wanandi, aliitwa kwenye mkutano wa amani, na Meinertzhagen akampiga risasi. Shajara yake inasimulia tukio hilo kwa namna inayomtoa hatiani. Mwaka 2007 Brian Garfield alichapisha uchunguzi mrefu ulioonyesha ni kwa kiasi gani mtu huyu alitunga maisha yake mwenyewe, na wataalamu wa ndege walikuwa wameshagundua kwamba hata mizoga ya ndege aliyoikusanya mingine aliiiba kutoka makumbusho na kuibadilisha lebo. Mtu anayedanganya juu ya ndege, nimwamini vipi juu ya Koitalel? Hata hivyo shajara bado inanukuliwa, kwa sababu inasomeka vizuri, na kwa sababu ushahidi wa Wanandi haukuchapishwa kwa wingi wala kwa sura ya kuvutia kiasi hicho. Fimbo tatu za uongozi za Koitalel zilirudishwa kutoka Uingereza mwaka 2006. Kurudisha fimbo ni rahisi kuliko kurudisha neno.

Kitale yenyewe, ninakovisomea vitabu hivi, ni mji uliokuzwa na wanajeshi. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni iligawa mashamba kwa maafisa na askari wazungu waliotoka katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kwa bahati nasibu iliyochezwa katika ukumbi wa Theatre Royal, Nairobi, na sehemu kubwa ya Trans-Nzoia ilikwenda kwa watu hao. Mmoja wa wazungu waliokaa Kitale, Luteni Kanali Hugh Stoneham, alikusanya wadudu, wanyama na vitabu maisha yake yote, akafungua makumbusho yake binafsi mwaka 1926, na alipofariki mwaka 1966 aliacha mkusanyiko huo pamoja na fedha za kujengea. Kwa urithi wake makumbusho ya Kitale yalifunguliwa Desemba 1974, ya kwanza nchini nje ya Nairobi na pwani kuendelezwa namna hiyo. Leo mwanafunzi anaingia pale akaona vipepeo wa kanali, kisha akatoka uani akaona nyumba za Kibukusu na za Kinandi zimejengwa upya. Napenda mahali pale. Kanali huyo alitufunza, bila kukusudia, kwamba anayekusanya ndiye anayekumbukwa.

Katika vita hivyo vilivyowapa wazungu mashamba, Waingereza walichukua wapagazi wa Kiafrika zaidi ya milioni moja, na kwa hesabu inayotajwa sana zaidi ya 95,000 walikufa, wengi zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Wapagazi hawakuingia katika bahati nasibu ya Theatre Royal. Katika seti za vinyago wapo, ila kama mzigo: kikosi kinachopunguza mwendo wa msafara, kinachoweza kutekwa, kinachopewa alama chache. Mtu mmoja aliwatazama kwa jicho jingine. Geoffrey Hodges aliandika kitabu kizima juu ya Carrier Corps, kikatoka mwaka 1986, na mwaka 1999 Nairobi University Press ikakichapisha upya kwa jina la Kariakor. Hicho ndicho kitabu kilichochapishwa upya ninachokipenda kuliko vyote nilivyovitaja, kwa sababu kilirudishwa na Wakenya, Nairobi, kwa ajili ya watu ambao mababu zao walikuwa chini ya mizigo ile. Kinaonyesha kuwa jambo hili linawezekana kwetu.

Maana sisi hatukukosa kumbukumbu. Wabukusu hupanga miaka yao kwa marika ya tohara: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma, Sawa, kisha yanarudi tena, na ndani ya kila rika kila msimu wa jando una jina lake, mara nyingi jina la jambo lililotokea. Mzee akifa, siku chache baada ya mazishi husimama msemaji wa kuswala kumuse, yaani kutoa hotuba ya kimila ya msiba, akatembea mbele ya umati akihesabu safari za jamii, koo, vita, waliotangulia na walioapizana. Nimesikiliza kumuse Bungoma, na nimesoma michoro ya Ruggeri Kitale, na nasema bila kusita kwamba msemaji yule anajua mengi zaidi. Ila msemaji anazeeka, na ukoo wake una vijana wanaoishi Nairobi na Doha.

Mwaka 1947 Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliwapeleka wafuasi wake kwa maelfu mpaka Chetambe kuwakumbuka waliouawa mwaka 1895. Miaka 52 ilikuwa imepita. Wapo waliopanda kilima siku ile ambao wazazi wao walikuwa ndani ya ukuta. Hawakuwa na kitabu mkononi, walikuwa na majina. Serikali iliogopa kumbukumbu ile kuliko ilivyoogopa mkuki. Februari 1948 polisi waliwapiga risasi wafuasi wa dini hiyo Malakisi, watu 11 wakafa, na Masinde akahamishwa mpaka Lamu. Sijaona mchoro wa rangi wa siku ile ya Chetambe. Ningetoa pesa zangu kuununua.

Na vitabu vyetu pia vipo, hilo ndilo linalonifanya niandike. Gideon Were alitembea magharibi ya Kenya akiwahoji wazee, na mwaka 1967 East African Literature Bureau ikachapisha maneno yao katika Western Kenya Historical Texts, Abaluyia, Wateso na Wakalenjin wa Elgon, kila mzee akisema lake. Mwaka huo huo historia yake ya Abaluyia ikatoka East African Publishing House. Mwaka 1978 Kenya Literature Bureau ikachapisha An Outline History of Babukusu cha F. E. Makila. Nimevitafuta madukani Kitale na Bungoma, na kila mahali nimeonyeshwa vitabu vya mtaala. Nilivyovisoma nilivisomea maktaba, au nilikopeshwa na walimu wastaafu wanaovihifadhi kabatini kwa funguo. Yaani kumbukumbu za aliyebomoa ukuta zilichapishwa upya London, na ushuhuda wa wajukuu wa waliojenga ukuta siupati kwa muuza vitabu wa Bungoma mjini.

Chini ya kilima cha Chetambe kuna kiwanda cha karatasi. Pan Paper ilianzishwa mwaka 1969, ikaifanya Webuye kuwa mji, ikatoa karatasi za kuandikia na kuchapia kwa miaka mingi, ikafungwa mwaka 2009, na baadaye ikafufuliwa na wamiliki wapya. Karatasi ilitengenezwa pale pale, mwendo wa miguu kutoka kwenye handaki. Ukosefu wa karatasi haukuwa sababu.

Sababu, kwa maoni yangu, ni kwamba tuliuachia mtaala kila kitu. Mchapishaji wetu anamjua msomaji mmoja tu, mtahiniwa, na mtahiniwa anahitaji aya moja juu ya upinzani wa Wabukusu, sababu tano na matokeo matano. Mchapishaji wa Uingereza aligundua msomaji mwingine, mtu mzima mwenye mshahara anayependa jambo fulani kupita kiasi na yuko tayari kulipia kitabu kizuri chenye picha. Huku kwetu watu hao wapo. Wapo Watachoni na Wabukusu wanaobishana usiku kucha Chetambe ilikuwa ya nani, na hawatumii kitabu hata kimoja katika ubishi huo kwa kuwa hawakipati. Wapo vijana wa Kibabii wanaochora katuni nzuri kwenye simu. Wapo wastaafu wa Trans-Nzoia wenye nafasi ya kusoma. Soko hilo hakuna aliyelijaribu.

Kwa hiyo naomba mambo machache, na nawaomba wenyewe kwa majina. Kenya Literature Bureau ni mrithi wa East African Literature Bureau, na ndiyo iliyomchapisha Makila. Iyarudishe maneno ya wazee wa Were na kitabu cha Makila, safari hii vikiwa na ramani za Lumboka na Chetambe, mchoro wa ukuta na handaki uliopimwa uwanjani, na picha za rangi za wachoraji wa hapa, ngao na mikuki ikichorwa kwa kuangalia vitu halisi. Itoe na toleo la Kiswahili, ili Mteso wa Malaba na Mnandi wa Kapsabet wasome pamoja na Mbukusu. Makumbusho ya Kitale yaviuze vitabu hivyo mlangoni. Serikali ya kaunti ya Bungoma inunue nakala za maktaba zake kabla ya kununua mabango ya sherehe. Mchezaji wa Nottingham, Uingereza, naye atavinunua, na akipaka kinyago chake atajua amemshika nani.

Na wewe unayesoma, kama kwenu kuna mzee aliyesikia habari za Chetambe kwa mzazi wake, mwulize nani alikuwa ndani ya ukuta, nani alitekwa na akapelekwa wapi, nani alirudi. Andika majina kama anavyoyatamka, andika na ukoo na rika, kisha peleka nakala makumbusho ya Kitale. Nenda mwaka huu, mzee akiwa bado anakumbuka.